Matairi ya njia zote kwa magari ya 4WD: jinsi ya kuchagua kwa barabara za Songwe

Kila mwaka mvua zinapokaribia kuanza mwezi wa Novemba, swali moja hutufikia kutoka Ileje, Momba, Mbozi na wilaya ya Songwe: nifunge tairi gani kwenye gari langu ili lisikwame? Wengi wanaouliza wana Land Cruiser mkonga, Hilux, Prado au RAV4. Gari hilo hilo ndilo linalobeba mahindi kwenda sokoni, na usiku ndilo linalokimbiza mgonjwa hospitali ya Vwawa. Tairi likishindwa, wanaoumia si mwenye gari peke yake.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: chagua tairi kwa barabara unayopita mara nyingi, kisha lisome ubavuni kabla hujalipa. Kashata kubwa, yaani yale matofali ya mpira yanayogusa ardhi, huvutia macho. Lakini uwezo wa kubeba mzigo, umri wa tairi na upepo uliomo ndani vina uzito zaidi kuliko sura. Hapa chini tunaeleza moja baada ya jingine.

Aina tatu unazokutana nazo dukani

Matairi ya magari ya 4WD, yaani magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne, yako katika makundi makubwa matatu. Mara nyingi herufi zake zimeandikwa ubavuni.

H/T ni tairi la lami. Kashata zake ziko karibu karibu, halipigi kelele, linashika lami vizuri hata ikiwa na maji, na halili mafuta sana. Kwenye changarawe iliyoshindiliwa linakwenda bila shida. Kwenye tope huziba haraka na kuanza kuteleza.

M/T ni tairi la tope. Kashata zake ni kubwa, zimeachana, na mifereji yake ni mipana. Gurudumu linapozunguka, tope hurushwa nje na kashata hubaki wazi kung'ata tena. Ubaya wake ni kwamba mpira unaogusa lami ni mdogo. Kwa hiyo lami ikilowa, gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama. Tairi hili pia huvuma sana, hula mafuta na huisha mapema.

A/T ndilo tairi la njia zote. Liko katikati ya hayo mawili: kashata zimeachana kiasi na ubavu mara nyingi umeimarishwa. Aina hii ilipata umaarufu duniani kuanzia miaka ya 1970, kampuni za Marekani zilipoanza kutengeneza tairi la nyuzi za rediali lenye kashata za nje ya lami, ili mtu aende shamba na mjini kwa tairi lile lile.

Jina "njia zote" linaweza kukudanganya. Tairi la A/T linafanya kila kitu kwa wastani. Kwenye lami halilifikii la H/T, na kwenye tope zito halilifikii la M/T. Linafaa kwa mtu ambaye safari yake moja ina vyote viwili, na hiyo ndiyo hali ya watu wengi mkoani kwetu.

Barabara zetu zinataka nini

Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kutoka mkoa wa Mbeya, una ardhi za kila namna ndani ya safari ya siku moja. Jiulize wewe uko wapi.

Kama kazi yako ni kati ya Tunduma, Mpemba, Vwawa na Mlowo, muda mwingi uko juu ya lami ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, ukiwa katikati ya malori yanayokwenda na kutoka Zambia na Kongo. Hapo unachohitaji kwanza ni breki inayoshika. Kwenye mteremko mrefu kama wa mlima Senjele, mvua ikinyesha, dereva mwenye M/T anaweza kujikuta hasimami pale alipotarajia. H/T inakutosha. Kama mara moja moja unaingia vijijini, chukua A/T yenye kashata zisizo kubwa sana.

Kama uko Ileje au kwenye vijiji vya kahawa vya Mbozi, unapita vilima na udongo mwekundu. Ukikauka ni vumbi, ukilowa ni sabuni. Hapa A/T ni chaguo zuri, mradi kashata zake bado ni ndefu. Tairi la A/T lililoisha nusu haliwezi tena kazi hiyo, hata kama kwenye lami bado linaonekana zima.

Kama uko wilaya ya Songwe, ukienda Mkwajuni, Saza na kwenye machimbo, adui mkubwa ni jiwe. Jiwe lenye ncha huchana ubavu, na ubavu ukichanika fundi pancha hana dawa. Tafuta A/T yenye ubavu wa tabaka nyingi, tutakayoieleza hapa chini.

Kama uko bonde la Ziwa Rukwa, upande wa Kamsamba na Ivuna, una mchanga kiangazi na udongo mweusi wa mfinyanzi masika. Udongo huo hauna huruma. Hujaza mifereji ya A/T katika mizunguko michache, na tairi huwa laini kama andazi. Anayelazimika kupita huko kila wiki wakati wa mvua ana sababu ya kweli ya kununua M/T. Anayepita mara mbili kwa msimu, afadhali abaki na A/T, abebe minyororo ya magurudumu, chepe na kamba imara, na akubali kusubiri siku moja barabara ikauke. Hakuna tairi linalopita kila mahali kila siku.

Soma ubavu wa tairi

Habari zote muhimu zimeandikwa kwenye ubavu. Chukua mfano wa tairi lililoandikwa 265/70R16 112S.

Namba 265 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 70 inaonyesha kuwa kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, yaani milimita 185 hivi. Herufi R maana yake nyuzi za ndani zimelazwa kwa mtindo wa rediali. Namba 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Land Cruiser nyingi za kazi hutumia mtindo wa zamani, 7.50R16, ambapo 7.50 ni upana kwa inchi.

Namba 112 ndiyo watu wengi huipita bila kuisoma, nayo inahusu mzigo. Kila namba ina uzito wake kwenye jedwali la kimataifa:

103 ni kilo 875 kwa tairi moja.
110 ni kilo 1,060.
112 ni kilo 1,120.
115 ni kilo 1,215.
121 ni kilo 1,450.

Tuseme pikapu yako ikishapakiwa, ekseli ya nyuma inabeba kilo 1,900. Kila tairi la nyuma linabeba kilo 950. Tairi la 103 limeshazidiwa hapo kabla hujapiga shimo hata moja. Magunia kumi ya mahindi ya kilo 100 ni tani nzima, na kama ni lumbesa, tani imepita. Uzito huo karibu wote hukaa nyuma. Tairi lililozidiwa hupata joto, joto huachanisha nyuzi na mpira, na mwisho wake ni kupasuka gari likiwa kwenye mwendo. Usishuke kamwe chini ya namba iliyowekwa na mtengenezaji wa gari. Unaiona kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva au kwenye kitabu cha gari.

Herufi ya mwisho ni mwendo wa juu. Q ni kilomita 160 kwa saa, R ni 170, S ni 180, T ni 190. Kwa barabara zetu zote zinatosha.

Kuna alama nyingine mbili za kutazama. Herufi LT mwanzoni mwa ukubwa maana yake ni tairi la magari madogo ya mizigo: ubavu wake ni mgumu zaidi, nalo huhitaji upepo mwingi zaidi ili kubeba mzigo ule ule. Maandishi ya PR, kama 8PR au 10PR, yanaonyesha nguvu ya tabaka, na namba kubwa ni tairi gumu zaidi. Kwa wa machimboni na wa mizigo, hilo ni jema. Kwa RAV4 ya familia, tairi gumu mno litawarusha abiria bila faida yoyote.

Alama ya M+S hupatikana kwenye matairi mengi ya A/T. Maana yake ni tope na theluji, lakini inatokana na umbo la kashata tu. Usiichukue kama dhamana.

Umri: namba nne za mwisho

Arusha kuliwahi kuwa na kiwanda cha matairi cha General Tyre, ambacho uzalishaji wake ulisimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Leo matairi mengi tunayofunga hutoka nje. Husafiri baharini, hukaa ghalani, kisha hukaa dukani. Mpira huzeeka hata usipotumika, na jua likilipiga kila siku nje ya duka huzeeka haraka zaidi.

Tafuta herufi DOT ubavuni na uangalie namba nne za mwisho. Ukiona 2223, tairi lilitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2023. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Namba hizo huandikwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo usipoziona, geuza. Ukikuta namba tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000. Liache.

Kwa tairi jipya, tunashauri usinunue lililopita miaka miwili au mitatu tangu kutengenezwa, kwa sababu unalipa bei ya maisha mazima na kupata nusu yake. Likishafungwa, likague kwa makini kila mwaka kuanzia mwaka wa tano. Likifika miaka kumi libadilishe, hata kama kashata bado zipo. Usisahau tairi la akiba. Nalo linazeeka huko nyuma lilikoning'inia.

Matairi ya mtumba na ya theluji

Ukinunua gari lililotumika kutoka Japani, tazama matairi liliyokuja nayo. Ukiona neno STUDLESS ubavuni, hayo ni matairi ya barafu. Kashata zake zina vijistari vingi vyembamba na zinavutia ukiziona, lakini mpira wake ni laini kwa makusudi ili ushike barafu. Kwenye joto la bonde la Rukwa huisha haraka na gari huyumba kwenye kona.

Jihadhari pia na tairi lililochongwa. Ni tairi la kipara ambalo mtu amelichimba mifereji mipya kwa kisu cha moto ili lionekane lina kashata. Ndani ya mifereji halisi kuna vitufe vidogo vya mpira, na alama ya TWI ubavuni huonyesha vilipo. Vitufe hivyo vina kimo cha milimita 1.6. Kashata zikilingana navyo, tairi limekwisha. Tairi lisilo na vitufe hivyo, lenye mifereji isiyonyooka au linaloonyesha nyuzi chini ya mfereji, limechongwa. Usilifunge hata kwenye tela.

Kwa tope, usisubiri milimita 1.6. Tairi jipya la A/T mara nyingi huanza na milimita 10 au zaidi. Likifika 4, msaada wake kwenye tope umekwisha. Rula ya shule inatosha kupima.

Kuongeza ukubwa

Vijana wengi hutaka tairi kubwa kuliko la asili. Hesabu inasaidia. Tairi la 265/70R16 lina kipenyo cha milimita 777. Ukiweka 265/75R16, kipenyo kinafika milimita 804, yaani zaidi ya asilimia 3. Gari linapanda juu kidogo, lakini mita ya mwendo sasa inadanganya: ikionyesha 100, wewe uko kwenye 103. Gari huwa zito kuondoka, mafuta huongezeka, breki hufanya kazi zaidi, na tairi linaweza kusugua bodi ukikata kona. Usizidishe asilimia 3, na kabla ya kulipa mwambie fundi akate usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto.

Mawili au manne?

Kwenye gari la 4WD swali hili linaweza kukugharimu sanduku la gia. RAV4 na magari mengine ambayo magurudumu yote huvuta wakati wote, au hujiunga yenyewe, yanataka matairi manne yenye kipenyo sawa. Ukiweka mawili mapya mbele na kuacha mawili yaliyoisha nyuma, magurudumu huzunguka kwa kasi tofauti, na mitambo inayogawa nguvu hupigana saa zote. Hupata joto na kuharibika. Kwa magari hayo nunua manne ya aina moja kwa wakati mmoja.

Kwa Hilux au Land Cruiser ambayo unaingiza 4WD kwa mkono, unaweza kununua mawili kama fedha ni kidogo. Weka mapya nyuma, kwa sababu nyuma ikiteleza gari huzunguka na ni vigumu kulirudisha. Usiingize 4WD juu ya lami kavu, na usichanganye A/T na M/T kwenye ekseli moja.

Upepo ni nusu ya tairi

Tairi bora lenye upepo mbaya ni tairi baya. Nunua geji yako mwenyewe, kwa sababu za barabarani nyingi zimepigwa na jua na vumbi mpaka hazisemi kweli. Pima asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa baridi. Fuata kibandiko cha mlangoni. Magari mengi ya familia huwa kati ya psi 29 na 36, na pikapu yenye mzigo huhitaji zaidi nyuma.

Ukifika kwenye mchanga wa bondeni, punguza mpaka psi 18 au 20. Tairi hutanda, hukanyaga eneo kubwa zaidi, na gari huelea badala ya kuchimba. Kwenye tope jepesi na mawe, psi 22 mpaka 25 husaidia. Hii ni kwa gari lisilo na mzigo mzito. Ukipunguza, usizidi kilomita 30 au 40 kwa saa, na ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri ya gari itakuokoa, maana huko porini hakuna fundi wa kukujazia.

Bei na mahali pa kununua

Tairi rahisi linaweza kuwa ghali. Chukua mfano wa kubuni. Tairi la kwanza ni shilingi 350,000 na linakwenda kilomita 60,000. La pili ni shilingi 220,000 na linakwenda kilomita 25,000. La kwanza linakugharimu chini ya shilingi 6 kwa kila kilomita, la pili karibu shilingi 9. Uliza maduka na madereva wa njia yako tairi fulani limewafikisha wapi, kisha gawanya.

Waishio Tunduma wakati mwingine huvuka kwenda Nakonde kutafuta bei. Kama unafanya hivyo, soma tarehe ubavuni kama kawaida, chukua risiti, na lipia ushuru kwenye kituo cha pamoja cha forodha. Tairi lililopita njia ya panya halina risiti. Likivimba baada ya wiki mbili, huna pa kulirudisha.

Kabla hujatoa fedha

Piga picha kibandiko cha mlango wa gari lako kwa simu na uende nayo dukani. Kisha linganisha mambo haya matano:

1. Ukubwa ni ule ule, au haujazidi asilimia 3.
2. Namba ya mzigo ni sawa au kubwa zaidi.
3. Namba nne za tarehe haziko nyuma sana, na zinakaribiana kwa matairi yote manne.
4. Ubavu hauna nundu, ufa wala mkato.
5. Aina ya tairi inalingana na barabara unayopita siku nyingi za mwaka.

Likishafungwa, mwambie fundi abalansi magurudumu na apime alaimenti. Baada ya kilomita kama 100, kaza tena nati za magurudumu. Kila kilomita 8,000 au 10,000, badilishana ya mbele na ya nyuma ili yaishe kwa pamoja. Na kabla mvua hazijachanganya, lishushe tairi la akiba, lijaze upepo, na ujaribu jeki na spana. Usiku wa safari ya hospitali si wakati wa kugundua kwamba jeki haipandi.